Mwani unatoka Jambiani kwa mia nne, dawa ya meno inarudi Darajani kwa elfu tatu: tunakwama wapi?

#1 MtotoWaJambiani
Wakuu, salaam.

Juzi nilikuwa Darajani nanunua dawa ya meno. Foleni ndefu, nikawa nasoma boksi kupoteza muda. Kwenye viungo nikakuta karajinani. Kwa asiyejua, huo ni ute unaotolewa kwenye mwani. Mwani huu huu wetu.

Mama yangu analima mwani tangu mie sijaanza skuli. Kilo moja kavu unaipata kwa kilo saba au nane mbichi, uzivue, uzibebe kichwani maji yakikufika kiunoni, uzianike, mvua ikija uzikimbilie. Kuna miaka aliiuza kilo hiyo kwa shilingi 400. Boksi la dawa ya meno nililoshika lilikuwa 3,000.

Mwani wa kulima umeanza kwetu Zanzibar, pwani ya mashariki ya Unguja, mwaka 1989. Wakulima leo ni zaidi ya 20,000, wengi wanawake. Miaka yote hiyo bado tunakausha, tunafunga marobota, tunapakia meli. Nchi ndogo kama yetu imeingia kwenye mnyororo wa biashara ya dunia, sawa, ila imeingilia mlango wa jikoni na haijawahi kufika sebuleni.

Swali langu: tatizo ni wanunuzi, ni serikali, au ni sisi wenyewe?

#2 Kashata_Moja
Nakaa mbele kabisa. Wachumi njooni.

#3 Dodoma_Kavu
Kwanza rekebisha, Zanzibar si nchi.

#4 MtotoWaJambiani
#3 nilijua utakuja. Uzi wa Muungano upo jukwaa la siasa, huku tunazungumza mwani.

#5 Injinia_Mstaafu
Mleta mada, hoja yako nzuri ila hesabu yako imelala upande. Nimefanya kazi kwenye viwanda vya chakula miaka mingi, acha nikuoneshe.

Dawa ya meno ya gramu 100 ina karajinani asilimia moja hivi. Yaani gramu moja. Mwani mkavu ukiuchemsha vizuri unatoa ute kama asilimia 30 ya uzito wake. Kwa hiyo gramu moja inataka mwani mkavu gramu tatu na kidogo. Kilo moja ya mama yako inatosha maboksi 300.

Mia nne gawanya kwa mia tatu. Mwani ndani ya boksi lako la elfu tatu haufiki hata shilingi mbili. Zilizobaki ni chaki, sabuni, harufu, tyubu, boksi, tangazo la mwanamke mwenye meno meupe, meli, ushuru, na huyo muuza duka wa Darajani. Tukijenga kiwanda cha karajinani kesho, hatutapata 3,000. Tutapata sehemu ndogo iliyopo kati ya bei ya mwani na bei ya unga wa karajinani. Ipo, lakini si ile unayoifikiria.

#6 Kashata_Moja
Shilingi mbili. Mzee katuzimia jiko.

#7 MtotoWaJambiani
#5 ahsante mzee, ila hesabu yako mie naigeuza. Kama mwani ndani ya boksi ni shilingi mbili, mama akilipwa mara mbili boksi litapanda shilingi mbili. Nani atazihisi? Kwa nini basi mnunuzi anagomba na mama kwa shilingi hamsini kana kwamba kampuni itafilisika?

#8 Injinia_Mstaafu
Kwa sababu anayegomba na mama yako si mwenye dawa ya meno. Ni wakala, naye juu yake kuna msafirishaji, juu yake mchemshaji. Mwenye dawa ya meno hata hajui kama Jambiani ipo. Na mchemshaji akiambiwa bei imepanda Zanzibar, anapiga simu Indonesia.

#9 ShangaziMicheweni
Nyie vijana mnahesabu mwani kwenye simu, mie nnaulima. Hebu nisikilizeni.

Mwani si mmoja. Kuna spinosamu na kuna kotonii. Spinosamu ndio huu mwingi, unaota popote, bei yake ndiyo hiyo ya kulilia. Kotonii una bei nzuri, mara mbili na zaidi. Zamani tukiupanda kotonii hapa Pemba na Unguja, lakini toka mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukawa unakufa. Maji yakipwa jua la mchana linayapika, mwani unageuka mweupe kama mfupa, ukiushika unakatikia mkononi. Kuna pahala bado unaota, na huko kina kinataka chombo na mtu ajuae kuogelea. Wanawake wangapi kwetu wajuao kuogelea?

Kwa hiyo mwanangu #1, mama yako hauzi rahisi kwa ujinga. Anauza kile ambacho bahari imemwachia.

La pili kamba. Miaka ile ya mwanzo kampuni (sitaji) ilitupa kamba na tai-tai (vile vikamba vya kufungia mwani) bure. Tukafurahi. Siku ya kuuza akaja mnunuzi mwengine na bei bora. Tukaambiwa hapana, kamba za nani hizo? Kijiji kizima mnunuzi mmoja. Bure ile ilinigharimu miaka.

#10 Kontena_40
Shangazi #9 umepiga kwenye mshono.

Nimefanya uwakala wa forodha, marobota ya mwani nimeyapeleka sana bandarini Malindi, hapa Unguja mjini. Kitu ambacho watu hawakioni: kisiwa kinaagiza kila kitu, mchele, saruji, vigae, mpaka mayai. Makontena yanakuja yamejaa, yanaondoka matupu. Kwa hiyo mwenye meli yuko tayari kubeba mwani kwa nauli ya hisani, kuliko kurudisha hewa. Usafiri rahisi wa mali ghafi unamfanya mnunuzi asione haja ya kujenga kiwanda hapa. Ingekuwa ghali kubeba robota, angejenga karibu na bahari apate kubeba unga tu.

#11 MchumiWaKijiweni
Wote mnazunguka. Jibu ni ushuru. Wazungu wanatoza sifuri kwa mali ghafi na wanakupiga ushuru mkubwa ukipeleka iliyosindikwa. Ndiyo maana kahawa mbichi inapita, ya kukaanga inazuiwa. Mwani vilevile.

#12 Mwanasheria_Mdogo
#11 hilo ni kweli kwa baadhi ya nchi, si kwetu. Tanzania ipo kwenye kundi la nchi zenye maendeleo duni, na tangu 2001 Umoja wa Ulaya unatupokelea kila kitu bila ushuru wala kikomo, isipokuwa silaha. Mpango wenyewe unaitwa hivyo, kila kitu ila silaha. Unga wa karajinani kutoka Zanzibar ungeingia Ulaya kwa ushuru sifuri. Mlango uko wazi, na miaka yote hiyo hatujawa na unga wa kuupitisha.

#13 MchumiWaKijiweni
#12 sawa, nimekubali nusu. Ila viwango vya ubora navyo ni ushuru kwa jina lingine. Maabara, vyeti, wakaguzi.

#14 Mwanasheria_Mdogo
Hapo tupo pamoja.

#15 Mpemba_Ughaibuni
Habari za huko. Mimi nipo Denmark mwaka wa kumi na moja huu.

Hapa kuna mji mdogo unaitwa Lille Skensved, karibu na Køge. Ukipita barabarani unaona kiwanda kikubwa. Wanatengeneza pektini, ile ya kugandisha jamu, inayotokana na maganda ya machungwa na malimao. Na wanatengeneza karajinani.

Sasa nambieni. Denmark ina michungwa? Haina hata mmoja. Maganda yanaletwa makavu kutoka kwenye nchi za jua. Ina spinosamu? Bahari ya hapa kutumbukiza kidole tu unapata mafua. Nchi yenyewe ndogo, watu kama milioni sita. Kwa hiyo wale wanaosema "sisi wadogo mno" au "kiwanda lazima kikae penye mali" wamsubiri kwanza Mdenmaki awajibu.

Wanachouza hawa ni ujuzi. Mwenye kiwanda cha aiskrimu anakuja na tatizo, aiskrimu yangu inaachana maji. Wao wana maabara, wanamchanganyia karajinani ya aina hii na ile, wanampa kopo lenye namba. Akishazoea namba ile, hata umpe unga wa Zanzibar kwa nusu bei hathubutu kubadili, kwa sababu mapishi yake yote yamejengwa juu yake.

#16 Kashata_Moja
"Wamsubiri Mdenmaki awajibu" 😂😂 nimecheka kwenye daladala watu wananitazama.

#17 Dodoma_Kavu
#15 leo umeongea kama mtu mzima. Ila Denmark ina umeme. Nyie kisiwa chenu 2009 kuelekea 2010 mlikaa gizani miezi mitatu kwa waya mmoja wa baharini.

#18 MtotoWaJambiani
#17 kweli, nakumbuka. Jenereta kila duka, harufu ya dizeli mpaka msikitini. Ila waya mpya umeshawekwa 2013, na Pemba wana wao kutoka Tanga tangu 2010. Giza lile haliwezi kuwa sababu ya leo.

#19 Injinia_Mstaafu
Umeme si kikwazo kikubwa. Maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, ndiyo kikwazo. Mwani unaoshwa na kuoshwa tena kutoa chumvi na mchanga, halafu unachemshwa kwenye maji yenye alikali, unachujwa. Hapo ndipo aina mbili za Shangazi zinapoachana. Ute wa kotonii ni mgumu, unautenga kwa chumvi ya potasiamu, unagandamana, unaukamua kama nazi. Ute wa spinosamu ni laini, haukubali kukamuliwa. Unataka alkoholi, na alkoholi ni ghali, kwa hiyo lazima uwe na mtambo wa kuinasa na kuitumia tena. Mwani tulio nao kwa wingi ndio wenye kiwanda cha gharama zaidi. Hilo hulisikii kwenye hotuba.

Ipo njia ya mkato. Huutoi ute, unaupika mwani mzima kwenye alikali ya moto, unausuuza, unaukausha, unausaga. Unga wake si safi sana lakini una soko. Wafilipino ndipo walipoanzia kupanda ngazi. Nao walianza kulima miaka ya 1970 mwanzoni tu, hawakutupita kwa karne. Kotonii wenyewe jina lake la kitaalamu limepewa heshima ya Mfilipino, Vicente Alvarez, aliyekuwa kwenye majaribio ya mwanzo.

#20 MwalimuWaBaiolojia
Naongezea kwa #19, na sisi hatukuwa watazamaji. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akihubiri kilimo cha mwani kabla hakijaanza kibiashara. Na kabla ya kulima, mwani wa pori ulikuwa ukiokotwa Unguja na Pemba na kupelekwa Ulaya miaka mingi. Kwa hiyo hii biashara ya kuuza mkavu haikuanza 1989, ni ya zamani kuliko wengi wetu humu.

#21 MtotoWaJambiani
#20 hilo sikulijua. Ahsante mwalimu. Mbegu za kulima ndizo zilitoka Ufilipino, hapo sikukosea?

#22 MwalimuWaBaiolojia
Hujakosea.

#23 Jasho_la_Makassar
Habari wakuu. Mimi baharia, nimekaa sana Sulawesi. Mnaisema Indonesia kama vile wao wamefika. Indonesia ndiyo inayoongoza duniani kwa mwani huu wa karajinani, hesabu yao ya mbichi ni mamilioni ya tani. Na bado mwani wao mwingi unaondoka mkavu kwenda China. China ndiyo inachemsha. Mkulima wa kule anafunga kamba kama Shangazi, anagombana na wakala kama Shangazi, anamlaumu waziri kama nyinyi. 2022 kotonii ilipanda bei mpaka watu wakanunua pikipiki. 2023 ikaporomoka, pikipiki zikauzwa.

Kama mkubwa wa dunia ameshindwa kutoka jikoni, msijilaumu sana.

#24 MchumiWaKijiweni
#23 umeua hoja ya udogo NA hoja ya ukubwa kwa pigo moja. Sasa tushike lipi?

#25 Korosho_Chungu
Shikeni la kwetu Mtwara. Miaka ya 1970 serikali ilijenga viwanda vya kubangua korosho, 12, kwa mikopo ya Benki ya Dunia. Mashine za kisasa za wakati ule. Vingi vikaishia kuwa maghala ya kuhifadhia korosho ghafi inayokwenda kubanguliwa India na Vietnam. Mimi nimecheza ndani ya kimoja nikiwa mtoto, tulikuwa tunapanda mkanda wa mashine tunajifanya treni.

2018 mnakumbuka, wanunuzi walitoa bei ndogo, jeshi likaletwa kununua kwa 3,300 kilo. Baba yangu alipiga saluti shambani. Pesa zilikuja kwa kuchelewa, ila saluti aliipiga.

Ninachosema, kiwanda peke yake si dawa. Kiwanda tulikuwa nacho. Hatukuwa na mtu wa kumuuzia punje iliyobanguliwa, na mashine zilikuwa zikivunja nusu ya punje.

#26 Kashata_Moja
Saluti 😭

#27 Karafuu_Nyekundu
Wapemba tusisahaulike. Wanaosema hatujawahi kusindika waende Wawi, pale Chake. Kiwanda cha makonyo kipo, kinakamua mafuta kutoka vikonyo vya karafuu ambavyo vingetupwa. Mafuta yanasafirishwa nje. Ukipita upepo ukiwa mzuri unanusa kabla hujakiona.

Na karafuu yenyewe mkulima analipwa vizuri kuliko mwani, nimeuza kwa 14,000 kilo. Kwa nini? Shirika la serikali ndilo linanunua peke yake na linampa mkulima sehemu kubwa ya bei ya dunia. Mwani umeachiwa makampuni. Hapo ndipo mjue pa kukamata.

#28 Kontena_40
#27 ndugu yangu, ni shirika hilo hilo ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likimlipa mkulima kiduchu mpaka karafuu zinavushwa usiku kwa ngalawa kwenda Kenya. Bei ilipandishwa baadaye. Mnunuzi mmoja wa serikali na mnunuzi mmoja wa kampuni, mkulima hana pa kukimbilia kote kuwili. Tofauti ni nani kaamka na moyo mzuri.

#29 Karafuu_Nyekundu
#28 magendo nayajua kuliko wewe, babu yangu alikuwa na ngalawa hiyo. Na bado nasema sasa hivi ni bora.

#30 Sabuni_ya_Paje
Jamani, wadada tupo. Sisi kikundi chetu tumeacha kugombana na kilo. Tunausaga mwani wenyewe, tunatengeneza sabuni, tunatia mdalasini, mchaichai, karafuu. Mafunzo tuliyapata kupitia mradi wa wataalamu wa mwani, kina Dkt. Flower Msuya, ambaye amehangaika na wakulima miaka na miaka, mpaka kutufundisha nyavu za bomba za kupandia kotonii kwenye kina kirefu.

Kilo moja ya unga wa mwani inatoa sabuni nyingi sana. Mche mmoja mtalii ananunua kwa pesa ambayo nikiuza mwani mkavu ningetafuta kilo nyingi. Na mtalii kaja mwenyewe mpaka mlangoni. Hapana meli, hapana Denmark.

#31 Dodoma_Kavu
Mlininunulisha sabuni hiyo, mke wangu akaniuliza kwa nini nanuka dagaa.

#32 Sabuni_ya_Paje
#31 uliichukua ile isiyo na mchaichai kwa kuwa ilipungua elfu moja. Tunawajua nyinyi wa bara.

#33 Kashata_Moja
😂😂😂 funga uzi.

#34 Injinia_Mstaafu
Sabuni napongeza kwa dhati. Lakini tuwe wakweli: visiwa vinatoa mwani mkavu tani elfu kumi na kitu kwa mwaka. Sabuni zote za Paje, Bwejuu na Jambiani zitakula tani ngapi? Watalii wangeoga mchana na usiku. Ni njia ya vikundi kadhaa, haiwezi kuwabeba wakulima 20,000.

#35 Sabuni_ya_Paje
#34 mzee, mimi sikusema nawabeba 20,000. Nimesema nimejibeba mie na wenzangu kumi na wanne. Nyie mnaotaka kubeba wote mbona mpaka leo hamjambeba hata mmoja?

#36 MtotoWaJambiani
Hapo mzee #34 umepigwa.

#37 Injinia_Mstaafu
Nimekubali, nimepigwa.

#38 Bint_Bwejuu
Mnasahau kitu kimoja. Mwani sasa hauna watu. Mie na wenzangu wa rika langu hakuna anayelima. Hotelini kutandika vitanda unapata mshahara wa mwezi, hukai majini saa nne, macho hayaumi kwa mwanga wa bahari. Na hoteli zenyewe hazipendi vigingi na kamba mbele ya ufukwe, wageni wanakwaruzwa miguu. Hoteli moja ilishawaambia wazee wetu wasogee. Wakasogea.

Kwa hiyo mkijenga kiwanda, muhesabu na nani atakilisha. Waliobaki majini ni kina mama wa miaka hamsini na kuendelea.

#39 ShangaziMicheweni
#38 kwenu Unguja hayo. Pemba hoteli ziko wapi? Sie tupo, na ndiyo maana mwani mwingi sasa unatoka huku.

#40 Msomaji_wa_Lebo
Upande wa walaji nao una vituko. Marekani kuna kelele za muda mrefu kwamba karajinani inaumiza tumbo. 2016 bodi inayoshauri juu ya vyakula vya kilimo hai ilipiga kura iondolewe kwenye orodha. 2018 wizara yao ya kilimo ikakataa, ikaiacha. Katikati hapo baadhi ya watengeneza maziwa ya lozi walishaitoa kwenye mapishi yao na kuandika kwenye pakiti "haina karajinani" kama sifa.

Yaani mtu wa California anaumwa tumbo, Micheweni bei inashuka. Huo ndio mnyororo.

#41 MchumiWaKijiweni
#40 na ndiyo maana mimi nasema tujifunze kwa Mauritius. Kisiwa, wadogo kuliko Zanzibar kwa watu. Walikuwa na miwa tu. 1970 wakatunga sheria ya maeneo ya viwanda vya kusafirisha nje, wakaleta wawekezaji wa Hong Kong, wakashona sweta. Sweta! Kwenye kisiwa cha joto! Hawakuwa na pamba wala kondoo. Hawakubishana juu ya kuongeza thamani ya muwa, walirukia mnyororo mwingine kabisa. Labda tunang'ang'ania mwani kwa sababu tu upo mbele ya macho.

#42 Mwanasheria_Mdogo
#41 ongeza pia kwamba Mauritius walikuwa na bei maalumu ya sukari Ulaya iliyowapa mtaji, na mfumo wa dunia wa kugawa vibali vya nguo ndio uliowasukuma watu wa Hong Kong kutafuta kisiwa chenye nafasi. Mfumo ule ulipokufa 2005, viwanda vingi vya nguo vilifunga. Walibahatika na wakajipanga, vyote viwili. Ukisema walijipanga tu unadanganya, ukisema walibahatika tu pia unadanganya.

#43 Mpemba_Ughaibuni
Na Mauritius wana kitu ambacho #15 nilikitaja kwa Denmark, mtu wa upande wa pili anayekuamini. Wale wa Hong Kong walikuja na wateja wao mkobani. Sisi tunajenga kuta kwanza halafu tunatafuta mteja.

#44 Chamanangwe_Juu
Tukizungumza kuta. Mimi naishi jirani na eneo la kiwanda cha mwani Chamanangwe hapa Pemba. Tumekisikia tangu uchumi wa buluu umekuwa wimbo wa serikali hii ya Rais Mwinyi, na kampuni ya serikali ya mwani imeundwa. Majengo nimeyaona kwa macho, hilo siwezi kulikana. Nitakachokiamini ni siku nitakapoona lori linatoka na unga.

#45 Kontena_40
#44 maji watatoa wapi? Suali la #19 halijajibiwa.

#46 Chamanangwe_Juu
#45 wewe njoo uulize, mie jirani tu, si mkurugenzi.

#47 Dodoma_Kavu
Mimi nashikilia: wanunuzi. Mnunuzi mmoja, kamba za bure, kijiji kizima. #9 alishamaliza.

#48 MchumiWaKijiweni
Na mimi nashikilia aina ya mwani. Spinosamu ni umaskini wa kibaiolojia. Rudisha kotonii, mengine yatafuata.

#49 Jasho_la_Makassar
#48 Sulawesi wana kotonii mpaka wanaulalia. Soma #23 tena.

#50 MchumiWaKijiweni
Nimesoma. Bado nashikilia.

#51 MtotoWaJambiani
Wakuu, jana usiku nimemsomea mama uzi wote, alikuwa anasuka ukili. Hesabu ya Injinia ya maboksi 300 aliisikiliza kwa makini, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Huyo bwana kapima mwani safi. Wa kwetu una mchanga, sema maboksi mia mbili na hamsini."

Halafu akamuulizia huyo wa Denmark, kama wanaruhusu mtu kuingia kutazama.

#52 Mpemba_Ughaibuni
#51 mpe salamu bi mkubwa. Getini kuna mlinzi, sijawahi kujaribu. Nitajaribu.

#53 Injinia_Mstaafu
Mia mbili na hamsini. Napokea marekebisho. Na mwambie anike kwenye chanja, asianike chini.

#54 MtotoWaJambiani
#53 chanja anayo. Mbuzi wa jirani ndio wanaipanda.

#55 ShangaziMicheweni
Kesho bamvua, saa nne asubuhi maji yatakuwa yametoka vizuri, mie siko hewani. Kuna anayejua pahala pa kupata tai-tai kwa bei ya jumla? Si za bure tafadhali.

#56 Kontena_40
Shangazi, angalia ujumbe wako.